Kilomita 21 kando ya bahari, na upepo ulionidanganya

Barabara ya pwani ya Dar es Salaam wengi tunaijua kama njia ya kupunga upepo Jumapili jioni. Unatoka Kivukoni, unapita Ikulu na Hospitali ya Ocean Road, unaifuata Barabara ya Barack Obama hadi Aga Khan, unapanda Daraja la Tanzanite, unashukia Coco Beach, kisha unanyoosha na Toure Drive mpaka mwisho wa Masaki. Niliipita miaka mingi nikiwa kwenye gari, kioo chini, mhogo wa Coco mkononi. Siku niliyoikimbia kwenda na kurudi ndipo nilipojua kuwa upepo ule nao unaweza kukupunga wewe.

Ilikuwa Julai, kwenye mashindano ya nusu marathoni. Nina miaka 43, kazi yangu ni ya kukaa kwenye kiti kutwa nzima, lakini nilikuwa nimefanya mazoezi miezi mitatu na klabu ya jogging ya mtaani na nilijiamini kupita kiasi. Lengo langu lilikuwa saa 2 na dakika 15. Tukaanza mjini saa 12 kasoro dakika 10 asubuhi, bado giza. Kilomita ya kwanza mwili mwepesi, ya tatu mwepesi zaidi. Darajani anga lilikuwa linaanza kuwa jekundu, na jua likachomoza baharini, mkono wa kulia, tukiwa tayari Toure Drive. Watu walisimama kupiga picha, mimi nikawapita. Kilomita 10 nikazimaliza kwa dakika 58, nikajiambia kumbe nilizaliwa kwa kazi hii, nimechelewa tu kujua.

Tulipogeuza Masaki ndipo nilipousikia upepo masikioni.

Wavuvi hawahitaji kuambiwa hili, ila sisi wa ofisini tunalisahau: katikati ya mwaka pwani yetu inatawaliwa na kusi, upepo unaotoka kusini na kusini mashariki. Ukitoka mjini kwenda Masaki unaelekea kaskazini, kwa hiyo kusi iko mgongoni. Tena alfajiri huwa imelala. Jua likipanda nayo inaamka, na wakati huo wewe umeshageuza, umechoka, unaipokea kifuani. Kilomita 11 za kurudi zilinichukua saa 1 na dakika 43, nusu yake nikitembea. Pale Coco kijana mmoja wa madafu akanipigia kelele, "Kaza, shangazi!" Shangazi! Nilimaliza kwa saa 2 na dakika 41, nimenuna.

Mzee mmoja wa klabu yetu, ambaye amekimbia njia hii tangu magari yote yakipitia Daraja la Salenda, kabla ya hili la Tanzanite, alinisikiliza nikilalamika, akacheka. "Mwanangu, ukiwa unakimbia na husikii upepo masikioni, usifurahi. Unakusukuma huo." Ndiyo ushauri wa maana kuliko yote niliyopewa, na mengine nitakayosema hapa yanazunguka hapo hapo.

Kwanza, kwenye barabara ya bahari usiiamini saa ya mkononi katika nusu ya kwanza. Amini pumzi. Kipimo chetu klabuni ni umbea: mpaka kilomita ya 10 uwe unaweza kumsimulia mwenzako umbea mzima, na majina yake, bila kukatiza katikati ya sentensi. Ukishindwa, punguza, hata kama saa inakusifia. Mwaka uliofuata nilifanya hivyo. Kilomita 10 za kwanza dakika 68, aibu tupu, watu wazima kwa watoto wananipita. Zilizobaki nikazikimbia kwa dakika 75, nikamaliza saa 2 na dakika 23. Wengi wa wale walionipita niliwakuta kuanzia kilomita ya 15, wameshika viuno.

Pili, kurudi usirudi peke yako. Tafuta kundi ujifiche. Mimi nilimpata jamaa mmoja mwenye mabega kama kabati, fulana ya njano, nikamwomba ruhusa nikae nyuma yake. Akakubali kwa sharti la kupokezana. Nikitangulia mimi simkingi kitu, lakini tulipokezana hivyo hivyo hadi darajani. Hata wakubwa hukaa kwenye kundi. Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu alipochukua dhahabu ya dunia ya marathoni kule Tokyo, Septemba 2025, alimpita Mjerumani Amanal Petros kwenye hatua za mwisho kabisa, tofauti yao sekunde 0.03. Baada ya kilomita 42! Angezimaliza nguvu mapema kwa kujionyesha, angekosa za kumalizia.

Daraja lenyewe lina urefu wa kilomita moja na kidogo, na mwinuko wake kwa gari huuoni. Kwa miguu unauona, hasa mara ya pili. Fupisha hatua, tazama mita chache mbele, picha utapiga siku nyingine.

Sasa chumvi. Joto la Julai ni la huruma ukilinganisha na Februari, lakini unyevu wa pwani haukupi nafasi: jasho halikauki, linatiririka tu, na mwili haupoi. Mara ya kwanza nilikunywa maji matupu kila kituo kwa woga, nikafika mwisho tumbo linacheza kama dumu na kichwa kinauma. Maji mengi bila chumvi ni hatari, watu wamelazwa kwa hilo. Siku hizi nakunywa kwa kiu, na kwenye chupa ndogo ya kiunoni naweka ORS ileile ya dukani, ya kurudisha maji na chumvi mwilini. Madafu ni matamu na yana potasiamu, lakini sodiamu, ambayo ndiyo jasho linaondoka nayo zaidi, ni kidogo. Kwa hiyo dafu la baada ya mbio ni halali yako, ila lisiwe ndiyo mpango mzima. Na chupa yako ibebe mwenyewe: mwaka wa kwanza kituo cha kilomita ya 17 nilikuta maboksi matupu na kijana anaomba radhi.

Mazoezi sitayaeleza sana, kila klabu ina ratiba yake. Mimi nilianza na kilomita 8 za Jumamosi nikapanda taratibu hadi 18, sikufika 21 kabla ya siku yenyewe na sikupungukiwa kitu. Ila mazoezi marefu mawili matatu yafanye barabara hiyohiyo, kuelekea kusini, saa 2 asubuhi, upepo ukiwa umeamka. Mchanga wa Coco maji yakitoka unavutia, lakini ufukwe umeinama: mguu mmoja unakuwa chini muda wote na nyonga inakuja kukudai. Ukienda, rudi njia ileile ili miguu igawane tabu.

Halafu zile mita 97 na nusu. Nusu marathoni ni kilomita 21.0975, na kibao cha 21 siyo mwisho. Nimeona mtu amesimama pale, mikono juu.

Mafuta ya mgando paka kwapani, mapajani na chini ya ukanda wa sidiria, kwa wingi, kabla ya kutoka nyumbani. Mwaka ule wa kwanza sikupaka. Baada ya kuvishwa medali nikarudi Coco na bodaboda, nikavua viatu, na bahari ilikuwa bluu, imetulia, inaniita. Nikajitosa na nguo zangu zote hadi shingoni. Yule kijana wa madafu anasema kelele yangu aliisikia kutoka barabarani.