Nisome Death's End au niishie kitabu cha pili?

Umeuliza kama kuna haja ya kuendelea, maana umeridhika na mwisho wa The Dark Forest, kitabu cha pili cha trilojia ya The Three-Body Problem, na wasomaji wanagombana kuhusu kitabu cha 3, Death's End. Endelea.

Lawama nyingi kwa kitabu hiki cha Liu Cixin (Kichina 2010, Kiingereza 2016) zinamwangukia mhusika mkuu, Cheng Xin, eti anaamua kwa huruma panapotakiwa ukatili. Naona anaonewa: waliompa madaraka ni umma wenyewe, na Liu anaeleza wazi kwa nini walimtaka. Lalamiko la kasi ndilo lenye uzito. Miaka mingi inarukwa kwa aya chache, wahusika wakiwa kwenye usingizi wa kugandishwa, na ukishamzoea mtu, hayupo tena.

Sura ya mwanzo iko Constantinople mwaka 1453. Usiiruke hata kama inaonekana imepotea njia. Maelezo yake yanakuja mbele. Toleo la Kiingereza lina jedwali la enzi kurasa za mwanzo: liwekee alama, lakini soma mstari wa enzi uliyofikia tu, maana mistari ya chini inafichua mambo.

Kisha kuna ngano za mhusika Yun Tianming, katikati ya kitabu. Hapo ndipo wengi huchoka, wakapitia juujuu, halafu nusu ya pili ikawavuruga. Shika penseli: andika kila kinachotajwa kuhusu mchoraji, mwavuli unaozungushwa bila kusimama, na ile sabuni. Vyote vina kazi.

The Redemption of Time, kitabu cha mwandishi mwingine, Baoshu, kinachoendeleza hadithi hii, kilianza kama hadithi ya shabiki. Si lazima.