Mgonjwa wa mionzi na damu yake: majibu kwa wasomaji

Mama yangu anakwenda Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, kupigwa mionzi ya saratani ya mlango wa kizazi. Daktari anasema damu yake ni ndogo, aongezwe kwanza. Damu na mionzi vinahusiana nini? (Msomaji, Wete)

Vinahusiana sana, ndugu yangu. Mionzi huua seli ya saratani kwa kuvunjavunja DNA yake, yaani maelekezo ya uhai yaliyomo ndani ya seli. Pakiwa na oksijeni, oksijeni hulishika jeraha hilo na seli hushindwa kujitibu. Isipokuwepo, majeraha mengi hupona. Seli iliyokosa oksijeni kabisa huhitaji mionzi mikubwa takriban mara 2.5 hadi 3 ndipo ife. Na oksijeni haiufikii uvimbe ila kwa kubebwa na damu. Hata kwa mwenye damu nzuri haivuki robo milimita kutoka kwenye mshipa; Thomlinson na Gray wa Uingereza walilionyesha hilo mwaka 1955 katika uvimbe wa mapafu. Damu ikipungua, seli zilizokosa oksijeni huongezeka. Basi jamaa wajitolee damu mapema, msingoje mpaka mvuke bahari. Dagaa na maini ale, na chai aiweke mbali na chakula kwani huzuia madini ya chuma, lakini chakula peke yake hakitawahi.

Akivuta pumzi kwa nguvu haitoshi? (Mwanakwerekwe)

Haitoshi. Mwenye mapafu mazima, hemoglobini yake, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, imeshajaa oksijeni karibu yote. Kikwazo kiko ndani ya uvimbe, ambako mishipa ni michache na imepindapinda.

Mume wangu ana saratani ya koo na bado anavuta sigara kwa siri. (Chake Chake)

Mwambie kwa upole, lakini leo hii. Moshi una monoksidi ya kaboni, ambayo huing'ang'ania hemoglobini zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, ikachukua nafasi yake. Anaidhoofisha mionzi aliyoifuata kwa gharama zote hizo. Nawe mueleze daktari, asaidiwe kuacha.

Kwa nini wiki nyingi? Kukaa Dar ni gharama, si wangempa yote mara moja? (Malindi)

Najua mzigo huo, wengi wetu tunalala kwa jamaa. Ila kila dozi huua kwanza seli zenye oksijeni. Kisha baadhi ya zile zilizokuwa na kiu huanza kuipata, na dozi ijayo huzikuta dhaifu. Seli zisizo na saratani nazo hupata muda wa kupona. Kukosa siku huipa saratani nafasi ya kukua tena. Akija nyumbani mwisho wa wiki wakati wa kusi, arudi Jumamosi, asingoje boti ya mwisho ya Jumapili.