Kiribati hawajagundua mafuta wakuu, ile chati ni jodari

Mkuu mleta uzi umeweka chati ya pato la taifa (GNI, yaani mapato yote ya wenyeji wa nchi, ya ndani na yanayotoka nje) kwa kila mtu pale Kiribati, nchi ya visiwa huko Bahari ya Pasifiki, inaanguka wakati wa uhuru, inalala miaka na miaka halafu kuanzia 2012 hivi inapanda, ukauliza wamegundua mafuta au ni data za kupika, na mbona pato la taifa ni kubwa kuliko GDP wakati kwetu ni kinyume. Mimi si mchumi, nilikuwa oila (mpaka mafuta mashine) injini rumu kwenye meli ya kontena ya tajiri mmoja wa Kijerumani, na nusu ya wenzangu mle walikuwa vijana wa Kiribati (wenyewe wanatamka Kiribas, hiyo ti ni s, ukisema kama ilivyoandikwa wanakucheka). Kwa hiyo nitajibu kibaharia.

Anza na hilo la GDP. GDP inahesabu kilichozalishwa ndani ya mipaka, na ndani ya Kiribati kuna nini? Visiwa 33 vya matumbawe, ardhi yote ukiijumlisha ni kilomita za mraba 811 tu, minazi, samaki wa kitoweo, serikali na maduka. Basi. Ila bahari yao ni kama kilomita za mraba milioni 3.5, na hela kubwa inatoka nje inaingia, ndo maana pato la taifa linaizidi GDP. Miaka ya karibuni kwa kichwa GDP inacheza kwenye dola elfu mbili za Marekani hivi na miaka mingine haifiki, wakati pato la taifa liko elfu tatu na kitu. Sisi bongo ni kinyume kwa sababu faida na riba zinazotoka ni nyingi kuliko zinazoingia, hakuna maajabu hapo.

Sasa huko kuanguka. Wana kisiwa kinaitwa Banaba, Waingereza na wenzao wakachimba fosfeti tangu 1900, mbolea ya mashamba ya Australia na New Zealand, mpaka 1979 ikaisha. Na 1979 hiyohiyo, Julai 12, ndo wakapewa uhuru! Yaani umekabidhiwa ufunguo wa stoo siku ambayo gunia la mwisho limetoka. Uchumi ukashuka karibu nusu. Wenyeji wa Banaba wenyewe walishahamishiwa kisiwa cha Rabi huko Fiji tangu 1945, hilo peke yake ni uzi mwingine.

Kilichowaokoa ni kwamba 1956, bado wakoloni wapo, ulianzishwa mfuko wa akiba kutoka hela ya fosfeti ukawekezwa nje, na hawakuula. Leo umevuka dola bilioni 1 za Australia na mapato yake yanaingia kwenye pato la taifa ila kwenye GDP hayamo. Linganisha na jirani yao Nauru, hao fosfeti iliwapa utajiri wa kutisha miaka ya 70, watu walikuwa hawafiki hata elfu kumi, wakajenga jengo la ghorofa 52 Melbourne, Australia, wakawa na ndege zao, ikafika 2004 lile ghorofa likauzwa kulipa madeni. Chati ya Nauru ukiiona utadhani mtu kadondoka mnazini.

Kile kipindi cha kulala ndo kipindi chetu sisi mabaharia. Wana chuo cha ubaharia kisiwa cha Tarawa, makao makuu yao, tangu 1967, na Wajerumani walikuwa wanachukua vijana wao, kuna wakati walikuwa zaidi ya elfu moja baharini kutoka nchi ndogo vile. Mshahara wa baharia anayerudi kwao kila mkataba ukiisha unahesabika pato la taifa, sio GDP, maana kazi imefanyika kwenye meli ya mgeni. Jamaa niliyekuwa nalinda naye zamu, kijana mpole sana, kila mwezi sehemu kubwa ya mshahara ilikuwa inakatwa moja kwa moja kwenda kwa mama yake kisiwa cha mbali, na ile hela moja ilikuwa inalisha nyumba tatu. Baada ya 2008 meli zikakosa mizigo, ajira zikapungua, wengi wakabaki nyumbani.

Halafu ndo jodari. Zamani meli za nje zilikuwa zinalipa kiduchu zinazoa samaki zinaondoka. Nchi nane za ukanda ule, Kiribati wamo, wakaungana wakaanza kuuza siku, yaani meli yako ikikaa siku moja kuvua kwangu unalipa siku moja, na siku zina idadi. Bei ya chini ikawa dola 5,000 za Marekani mwaka 2012, 6,000 mwaka 2014, 8,000 mwaka 2015. Na 2015 kulikuwa na El Niño kali, maji ya moto yakasogea mashariki na jodari nao wakasogea, yaani wakaingia bahari ya Kiribati. Hela ya leseni za kuvua mwaka huo ikakaribia dola milioni 200 za Australia, gawa kwa watu laki moja na kitu, mlima wako huo kwenye chati.

Ila hiyo kugawa ni kwenye karatasi tu. Hela ya baharia ilikuwa inafika jikoni kwa mama, hela ya leseni inafika hazina, mpaka serikali iamue. Wao walichofanya ni kununua mbata (nazi kavu) kwa bei ya kubeba wananchi, 2016 wakapandisha kilo kutoka dola 1 ya Australia hadi 2, baadaye 4. Mimi ni mtu wa Pangani, mbata nazijua, hakuna soko duniani linakupa bei hiyo.

La mwisho, chati yako iko kwa dola za Marekani na wao wanatumia za Australia, ambazo 2011 zilikuwa juu ya dola ya Marekani halafu 2015 zikashuka sana. Ichore upya kwa dola za Australia uone, ule mlima wa leseni utakuwa mkali zaidi ya huo uliotuwekea hapa.