Ile bunduki iondoe

Mwanangu mpendwa,

Hapa Migosi, Kisumu, tuko salama. Mvua imeanza, na baba yako anazibua mtaro kila jioni kana kwamba kaajiriwa na kaunti. Ujumbe wako niliusoma nikauweka kando, maana swali lako si la kujibiwa kwa simu huku mboga ziko jikoni. Umeniuliza kwa nini ukumbi mzima uliangua kicheko pale mwizi wa filamu yako alipochomoa bunduki. Ukauliza pia kama ni kweli, kama wanavyokuambia wenzako wa Nairobi, kwamba ile sehemu ya kibanda cha M-Pesa ni ndefu mno, ikatwe kabla hujawapelekea filamu.

Nianze na kicheko. Nilikaa safu za nyuma, katikati ya akina mama wa Kibuye waliokuja kwa sababu mwenzao ameigiza. Wale hawatazami sinema kimya. "We toka hapo, mlango uko wazi!" mmoja alimfokea yule msichana wa kibandani. Usiwaone washamba. Watu wetu wamelelewa na kumbi za video za mitaani, DJ Afro akiwasimulia filamu za ng'ambo kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji wenyewe, kila jambazi akipewa jina na utani wake. Kwao sinema ni kitu cha kujibizana nacho. Walipokuwa wakipiga kelele walikuwa ndani ya hadithi yako kabisa. Bunduki ilipotoka kiunoni, wao nao wakatoka.

Na nilimtazama vizuri yule kijana wako. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa mtoto wa Nyalenda, anakwaruza tope kwenye kiatu kwa kijiti huku anangoja zamu yake kibandani. Mara akanyoosha mkono, bunduki akailaza ubavu, sauti ikawa nzito, na maneno yaliyomtoka hayajawahi kusemwa na mtu yeyote kando ya ziwa hili. Mhudumu wa boda aliyekaa mbele yangu akasema, "Hiyo ni ya maji." Basi, ukumbi ukakuponyoka.

Sasa unisikilize kama karani wa mahakama, si kama mama. Miaka yote ile niliyokuwa nikipanga faili na kuita mashahidi, kesi za wizi wa kimabavu zilipita mezani pangu tele. Kifungu cha 296(2) cha Kanuni za Adhabu, Sura ya 63, kinataka jambo moja kati ya haya: mwizi awe na silaha ya hatari, au awe na mwenzake mmoja au zaidi, au amjeruhi au kumpiga mtu wakati wa wizi wenyewe, au punde kabla au baada yake. Moja tu likithibitika, adhabu iliyoandikwa pale ni kifo, ijapokuwa Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987.

Wezi wako ni ndugu wawili kwenye pikipiki. Mkubwa akishamtisha msichana na kuzichukua pesa, na mdogo yuko naye pale, tayari wote wawili wameingia 296(2). Bunduki haijaongeza chochote. Nimewaona vijana kizimbani wakisomewa shtaka hilo, na yule aliyekuwa wa kuendesha pikipiki tu anageuka kumtazama mwenzake kama anayesubiri aseme kuna makosa. Anadhani yeye alibeba mtu tu. Filamu yako iko hapo, kwa huyo mdogo. Umeishika mkononi halafu ukaenda kuazima bastola ya plastiki.

Ndiyo sababu kibanda hakikatwi. Wakubwa wa Nairobi wakisema ni kirefu, waambie mama yako alikuwa ukumbini. Msichana anafungua rejista, anazilainisha kurasa kwa kiganja, anauliza nambari ya kitambulisho, na yule mdogo, aliyetumwa ajifanye anatoa mia mbili ili amshughulishe, anataja nambari yake ya kweli. Kwa mazoea tu! Kalamu ya msichana inagoma, anaichora kwenye kiganja mpaka wino utoke, anaandika tarakimu moja moja. Wale akina mama wote walinyamaza. Kisha mmoja akasema polepole, "Yawa, amejiandikisha." Hapo hakuna aliyecheka, na hapakuwa na muziki wala mtu kukimbia. Ukiikata sehemu hiyo utabaki na pikipiki na makelele.

Utaniambia *Nairobi Half Life* ina bunduki na bado watu waliiogopa. Kweli. Ile ya David "Tosh" Gitonga ya 2012 ndiyo iliyokuwa filamu ya kwanza Kenya kuipeleka kushindania Oscar, na ilishikwa mkono na One Fine Day Films ya Ujerumani. Lakini wale vijana wa mle, hata wakishika silaha, wanabaki kuongea kama vijana wa mtaa wao, Sheng na utani juu. Wako alibadilika akawa mtu wa televisheni.

Jambo jingine ni taa. Shahidi akidai kwamba alimtambua mwizi usiku, hakimu anataka kujua kulikuwa na mwangaza gani, ulitoka wapi, ulikuwa mbali kiasi gani, na alimwona kwa muda gani. Kesi nyingi zimeangukia hapo. Wewe usiku wako mwingi una mbalamwezi ya buluu inayotoka pande zote, hata chini ya mti. Ila pale Dunga uliiacha taa ya sola ya mama samaki peke yake, nusu ya uso wa kaka mkubwa ikawa gizani, nami nikajiuliza kama ningeweza kuapa kwamba ni yeye. Kwa macho yangu hiyo ndiyo picha bora ya usiku katika filamu nzima. Piga na yale mengine hivyo hivyo.

Usiniambie hakuna pesa za kurudia. Wewe mwenyewe ulinisimulia jinsi Christopher Nolan alivyotengeneza filamu yake *Following* Jumamosi kwa Jumamosi kwa sababu waigizaji walikuwa na kazi zao, kwa mwanga wa dirishani. Jumamosi hata Kisumu ziko.

Kabla hujaionyesha tena popote hadharani, iwe Kakamega au Nakuru, iwe imeainishwa na KFCB, ile bodi ya serikali ya kuainisha filamu. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, haina mchezo. Wakikupa 18 usinune, hukuitengenezea watoto wa shule. Mimi ningeanza na Kakamega, halafu Nakuru, Nairobi mwisho, maana huko utasifiwa na watu ambao hawajawahi kutoa pesa kwenye kibanda chenye rejista iliyochakaa kama ile.

Na mwenye kibanda alikuja kwangu Jumapili baada ya kanisa. Alifunga biashara siku nzima mkarekodi, na hajaona hata senti. Nimempa sehemu kutoka kwa chama chetu cha akiba. Iliyobaki mtumie wewe kabla hujamlipa mtu wa kuhariri.

Mama yako