Binti wa miaka 12 na ndoto ya Mboko: usimtoe shule, mtafutie mechi

Mbukwenyi wana jamvi.

Dada wa mtaa wa Kisasa, swali lako nimelilalia na nimeamka nalo. Kwa ambao hawajalisoma: binti yake ana miaka 12, anawapiga watoto wote anaofanya nao mazoezi ya tenisi, na tangu alipomwona Mkanada Victoria Mboko akibeba kombe la mashindano ya Montreal Agosti 2025 hana habari nyingine mdomoni. Sasa kuna mtu amewashauri wazazi wamtoe shule, wakope, wampeleke akademia ya tenisi ya nje ya nchi akawe profesheno, yaani mchezaji wa kulipwa. Dada anauliza kama ni sahihi.

Jibu langu ni hili: shule asiache, na mkopo msichukue. Mtafutie mechi. Mechi nyingi, na watu tofauti tofauti. Nitaeleza kwa nini nimeshikilia hapo.

Nilianza kuokota mipira nikiwa darasa la tano, hapahapa Dodoma. Baadaye nikawa wa kuwapigia wanachama mipira ya mazoezi, na sasa ni mwaka wa 19 nafundisha watoto, wengi wao bila ada. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, nimemfundisha tangu ana miaka 8. Mengi ninayokuambia nimeyalipia kupitia kwake.

Tuanze na Mboko, maana habari yake inasimuliwa nusu. Ni kweli wazazi wake walitoka Kongo, yeye akazaliwa Marekani mwaka 2006 na kukulia Kanada. Ni kweli alikuwa na miaka 18 alipoingia Montreal kwa kadi ya mwaliko, akiwa wa 85 duniani, akawatoa wachezaji wanne waliowahi kuwa mabingwa wa Grand Slam, yale mashindano manne makubwa kuliko yote ya tenisi: Sofia Kenin, Coco Gauff, Elena Rybakina, na kwenye fainali Naomi Osaka, 2-6, 6-4, 6-1. Watu wanaishia hapo. Wanaruka kwamba mwanzoni mwa mwaka uleule alikuwa nje ya 300 bora, anazunguka kwenye mashindano madogo ya ITF (Shirikisho la Kimataifa la Tenisi) yasiyo na watazamaji wa maana, na huko alishinda mechi zaidi ya 20 mfululizo bila kupoteza hata seti moja. Na ukirudi nyuma zaidi, yeye ni kitinda mimba wa watoto wanne, na wakubwa zake wote walicheza tenisi. Huyo mtoto alizaliwa akakuta wapinzani watatu ndani ya nyumba.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wa Afrika Mashariki tungepaswa kulijua kama tunavyojua vikosi vya Simba na Yanga. Julai 2022, fainali ya wasichana ya wawili wawili kule Wimbledon, Mboko alicheza na Mkanada mwenzake, Kayla Cross. Ng'ambo ya wavu walisimama Angella Okutoyi wa Kenya na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Angella na mwenzake walishinda, 3-6, 6-4, na tai breki ya mwisho, zile pointi za kuamua mshindi, 11-9. Angella huyu mama yake alifariki wakati wa kuwazaa yeye na pacha wake. Amelelewa na bibi yake Loresho, Nairobi, na bibi alikuwa mfanya usafi kwenye shule ya msingi ya hapo. Mapema mwaka huohuo alikuwa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mechi ya vijana kwenye Grand Slam, huko Australia.

Miaka mitatu baada ya fainali ile, mmoja ni bingwa wa Montreal. Mwingine alipitia njia ya masomo, akajiunga na Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, na mwaka 2024 akachukua dhahabu ya Michezo ya Afrika kule Accra. Sisemi mmoja amefaulu na mwenzake amefeli, hapana. Nasema siku ile ya Julai walipishana pointi mbili tu. Kipaji cha kwetu kinafika. Kinachotuangusha ni kwamba mtoto wa Kanada au Uhispania akifika miaka 14 ameshacheza na mamia ya watu, na wa kwetu amecheza na watano.

Hiyo watano sijaitaja kwa kukisia. Miaka mitatu iliyopita mpwa wangu alikuwa na miaka 14, na Dodoma nzima hapakuwa na msichana wa kumchukua seti. Nikaona sasa yuko tayari. Tukajiandikisha kwenye mashindano ya vijana ya ITF ya daraja la chini jijini Nairobi, tukapanda basi kupitia Kondoa na Babati, tukalala Arusha, asubuhi tukavuka Namanga. Nauli, chumba cha bei nafuu, chakula, ada ya kushiriki na nyuzi za akiba, kwa watu wawili ilifika kama milioni moja na laki mbili. Nusu nilichangiwa na ndugu.

Raundi ya kwanza alipangiwa binti mwembamba, mfupi kuliko yeye. Wakati wa kupasha misuli nilijipa moyo. Kisha yule binti akaenda kusevu, yaani kuanzisha mpira, na nikaona ameshika raketi mkono wa kushoto. Nikajua tumekwisha. Mpwa wangu hakuwa amewahi, tangu azaliwe, kucheza na mtu wa mashoto.

Sevu ya pointi ya pili ilitua karibu na mstari wa pembeni, ikazunguka na kukimbilia nje, kushoto kwake, kule kwenye bekihendi, mpigo wa nyuma ya mkono. Aliunyoosha mkono mpira ukiwa umeshapita. Sevu iliyofuata ya upande uleule akasogea kushoto kuisubiri, yule binti akampigia katikati. Gemu tatu nzima alikuwa anachelewa hatua moja, kila mpira, hatua ileile moja. Na yeye alipopiga fohandi yake, mpigo wa kiganja mbele, ambayo hapa kwetu ni silaha, mpira ulipaa ukatoka nje kwa futi mbili, tatu. Dodoma tuko mita 1,100 na ushei juu ya bahari, Nairobi ni karibu 1,700. Hewa ya juu ni nyepesi, haiuzuii mpira, hivyo mpigo uleule unakwenda mbali zaidi na mpira unadunda juu zaidi. Hata sheria za mchezo zinaruhusu mpira wa aina yake kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219. Mimi nilikuwa nayajua hayo kwa maneno, ila sikumpa mtoto hata siku mbili za kuizoea hewa. Kosa hilo ni langu na linaniuma hadi leo.

6-0, 6-1. Dakika 47. Nilikuwa nimekaa nyuma ya uzio, siruhusiwi kumwambia neno. Alipotoka hakulia. Alikunja taulo vizuri, akaliweka kwenye begi, akaniambia, "Mjomba, mipira ya vile sijawahi kuiona."

Usiku nikafungua daftari langu la mazoezi nikahesabu. Miaka miwili, mechi 61. Wapinzani watano. Wote wa mkono wa kulia, wote nimewafundisha mimi, wote wanapiga kama yeye.

Jambo la maana tulilofanya safari ile lilikuja baada ya kufungwa. Tulikuwa tumelipia chumba cha siku tano, kwa hiyo hatukurudi. Kila asubuhi nilikwenda kwa makocha wa watoto waliotolewa kama sisi, wa Kenya, Uganda, Rwanda, nikawaomba seti moja ya kirafiki. Hakuna aliyekataa. Kwa siku nne alicheza seti 11 na wasichana saba. Tisa za kwanza alifungwa zote, mbili za mwisho akashinda. Mpwa aliyepanda basi la kurudi hakuwa yule niliyekwenda naye. Alikuwa anaangalia mkono wa mpinzani kabla mpira haujatoka.

Kuna ndugu mmoja humu amemjibu dada kwa mfano wa Alphonce Simbu: kwamba mtoto wa Singida amekuwa bingwa wa dunia wa marathoni Tokyo Septemba 2025, kwa hiyo mazingira si kisingizio. Mkuu, najivunia Simbu kama wewe, kanda yetu yote ilisimama siku ile. Lakini mkimbiaji ana saa. Saa inamwambia ukweli uleule akiwa Singida au Tokyo. Tenisi haina saa. Unachokijua kuhusu uwezo wako umekipata kwa aliyesimama upande wa pili wa wavu, na huyo asipobadilika hujui chochote. Ukutani unajenga mkono, na mpwa wangu amegonga ukuta wa ghala moja kule Kikuyu, hapahapa Dodoma, mpaka rangi ikabanduka, ila ukuta hausevu kwa mashoto.

Kuhusu huyo wa akademia. Sitamtuhumu mtu nisiyemjua. Ila nami aliwahi kunijia mtu, nguo safi na simu mbili, akasema ana nafasi za ufadhili Marekani, inatakiwa laki nane ya kufungua faili. Mzazi mmoja wa mtoto ninayemfundisha alitoa. Hela ilikwenda, simu zote mbili zikazimwa, na yule mtoto aliacha tenisi kwa aibu ambayo haikuwa yake. Mtu akikutaka hela kabla hajamwona binti yako akicheza mechi, mkwepe.

Na hesabu za uprofesheno dada uzijue mapema. Mashindano ya vijana ya ITF mtoto anaruhusiwa kuanzia miaka 13, wako bado hajafika. Huko hakuna zawadi ya fedha, kuna pointi tu. Mashindano ya kulipwa ya wanawake hawezi kuingia kabla ya miaka 14, na hata baada ya hapo idadi kwa mwaka inabanwa mpaka afikishe 18. Ngazi ya chini kabisa inaitwa W15, maana yake fungu lote la zawadi ni dola 15,000, wanagawana wote, wa mmoja mmoja na wa wawili wawili. Anayetoka raundi ya kwanza hapati hata nauli ya kurudia. Wakati huohuo aliyefungwa raundi ya kwanza Wimbledon mwaka 2025 alichukua pauni 66,000. Katikati ya hapo na hapo kuna miaka ya mabasi, ndege, hoteli na kocha, na ndiyo miaka inayomaliza familia. Ukiutumia mkopo wote sasa kwenye akademia, hiyo miaka utaibebaje?

Ndiyo maana nasema asiache shule. Mlango ulio karibu zaidi na mtoto wetu ni huo wa chuo cha Marekani: anachezea timu, anasoma, anapata makocha na wapinzani wengi kwa mwaka, na akimaliza bado ni kijana wa kuweza kujaribu uprofesheno. Ila mlango huo unafunguliwa na vitu viwili kwa pamoja. Makocha wa vyuo wanataka kuona matokeo ya mechi, na NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko, inataka matokeo ya sekondari. Mtoto aliyeachishwa shule akiwa na miaka 12 ameshafungiwa nusu ya mlango na watu waliompenda.

Sasa, mwaka mmoja ulionao kabla hajatimiza 13. Mimi ningeutumia hivi. Kila likizo, Dar. Treni ya SGR imeturahisishia mno, unaondoka asubuhi na mchana mtoto yuko kiwanjani. Dar kuna viwanja, kuna watoto wa shule za kimataifa, kuna hewa nzito ya usawa wa bahari ambayo mpira hauendi mbali na unadunda chini zaidi, kinyume na huku kwetu. Likizo nyingine, Arusha. Hapa nyumbani acheze na wavulana, acheze na watu wazima wanaokata mipira kwa chini kwa mitindo ya kizamani, maana hao wanaudhi na wanafundisha subira. Upepo wetu wa Julai hadi Septemba usiukimbie, apange mechi humohumo kwenye vumbi. Raketi moja nzuri ya wastani inatosha, weka akiba ya nyuzi. Zikikatika hapa, mimi bado naipeleka raketi stendi, inapanda basi kwenda Dar kufungwa nyuzi, na inarudi baada ya siku tatu. Na nunua daftari. Kila mechi aandike mwenyewe: nani, mkono gani, seti ngapi, alifungwa na mpira upi.

Viwanja ni shida, hilo umelisema na ni kweli. Kuna mahali tulikuwa tunatolewa katikati ya gemu wanachama wakifika, watoto wanasubiri kwenye jua mpaka wanakata tamaa. Sasa tumepata saa zetu, alfajiri, kabla ya wengine.

Jumamosi hii saa 12 na nusu asubuhi tutakuwepo. Nitakutumia ujumbe wa faragha nikuelekeze. Mlete na raketi yake hiyohiyo, viatu vya soli bapa, maji ya kutosha. Mpwa wangu sasa ana miaka 17, yuko likizo, na tangu Nairobi alijifundisha kusevu kwa mkono wa kushoto ili wadogo zake wasishtuliwe kama yeye. Ndiye atakayecheza na binti yako seti ya kwanza.