Begi mgongoni mpaka Livingstone: ushauri kwa mtu wa Dodoma

Mbukwenyi wadau. Tangu nirushe zile picha nikiwa nimening'inia chini ya daraja la maporomoko ya Victoria kichwa chini miguu juu, simu haipoi. Shilingi ngapi, ulipitia wapi, ulienda na nani, hukuogopa? Shangazi yangu wa Kongwa yeye aliuliza moja tu: "Yaani mwanangu ulitoa hela yako mwenyewe ili wakutupe darajani?" Shikamoo shangazi, ndiyo, nilitoa. Sasa badala ya kumjibu mmoja mmoja nimeona niandike yale yenye faida, hasa kwa mtu anayetokea huku kwetu, maana ushauri mwingi wa mambo haya umeandikwa kwa ajili ya mzungu anayetua na ndege wakati sisi tunapandia basi stendi ya Nanenane.

Kwanza tuondoe hii dhana kwamba kusafiri nje na begi mgongoni lazima iwe Ulaya na kupeleka karatasi za benki ubalozini. Pasipoti ya Tanzania inakuingiza Zambia, Malawi na Zimbabwe bila viza, unagongewa muhuri unapita. Na huko Livingstone, Zambia, ndiko kuna maporomoko ya Victoria, upana karibu kilomita 1.7 na kimo mita 108, na chini yake mto Zambezi unapita kwenye makorongo ambayo watu wanafunga safari kutoka Marekani na Australia kuja kuyashuka na boti. Sisi ni barabara tu: Dodoma, Mtera, Iringa, Mbeya, Tunduma, Lusaka, Livingstone. Ni mbali, sidanganyi mtu, mgongo utauma na miguu itavimba, ila hakuna hata sehemu moja inayodai ndege.

Kabla hujaanza kudunduliza, amua mwezi. Watu wanapanga safari kwa kuangalia likizo ya kazini halafu wanafika wanaambiwa mto umejaa, rafti, yale maboti ya mpira, hazishuki ile sehemu kali, rudini mwaka mwingine. Maji yanakuwa mengi sana kuanzia kama Machi mpaka Mei, hapo maporomoko yanatisha kwa uzuri lakini mvuke ni mwingi mpaka huoni kitu na unalowa utafikiri umenyeshewa. Rafti zinanoga Agosti mpaka Desemba maji yakishashuka. Sasa na penyewe ukichelewa, Oktoba na Novemba, upande wa Zambia maporomoko yanakonda unabaki unatazama ukuta wa mawe, wakati upande wa Zimbabwe maji yapo mwaka mzima. Mimi nasema nenda mwisho wa Agosti au Septemba, utapata kidogo cha huku na kidogo cha kule, na kwa kuwa Zimbabwe hatulipi viza, tenga siku moja uvuke daraja ukaangalie kutokea ng'ambo. Kuhusu joto la Oktoba mtu wa Dodoma sina haja ya kumtisha.

Makaratasi ni machache ila usiyaache mpaka wiki ya safari. Pasipoti iwe na uhai wa miezi sita na kurasa tupu. Kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, inaanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo ukichoma leo kesho ukawa mpakani bado hujakamilika. Habari njema ni kwamba tangu 2016 kadi hiyo ni ya maisha, hata ile ya zamani iliyoandikwa mwisho miaka kumi. Na wale vijana wa mpakani wanaouza kadi zilizokwisha gongwa muhuri, tafadhali, achana nao kabisa. Kuhusu bima ya safari ntasema neno moja: soma mpaka kule mwisho kwenye maandishi madogo, kwa sababu bima nyingi za bei rahisi zinataja kabisa kwamba kuruka na kamba au kushuka mto haviko kwenye mkataba, na hapo ndipo unapoihitaji.

Tunduma sasa. Lala Mbeya uingie Tunduma asubuhi, maana foleni ya malori pale ni ya kudumu na usiku sio mahali pa kuzungukazunguka na begi kubwa mgeni mgeni. Maofisa wa nchi zote mbili wako sehemu moja siku hizi kwa hiyo mihuri haichukui muda, kinachochosha ni wabadilisha hela. Wanakuzingira, mmoja ana kalkuleta, mwingine anakuitia "dada angu, dada angu", wa tatu anakuhesabia noti zimekunjwa katikati ili moja ionekane mbili. Badilisha kidogo tu ya basi na chakula, hesabu mwenyewe noti ikiwa imenyooka, na ukiona noti ya kwacha yenye masifuri kibao rudisha hapo hapo, Zambia walifuta sifuri tatu mwaka 2013 na zile za zamani hazinunui hata maji. Halafu rudisha saa yako nyuma saa moja. Kinaonekana kitu kidogo mpaka pale unapofika stendi kwa haraka kumbe umewahi saa nzima, au wakati wa kurudi ndio inageuka kuwa balaa.

Tuje kwenye mwili, na hapa ndio nataka nikae kidogo.

Sisi tuliokulia Dodoma maji tumeyajua kwenye ndoo na dumu. Unaweza ukawa na nguvu, unapanda mlima Imagi kila Jumamosi hata huhemi, lakini siku uso wako ukifunikwa na maji unachanganyikiwa kama mtoto. Kwa hiyo mazoezi yangu makubwa hayakuwa ya miguu. Nilikuwa nalipia bwawa la hoteli mchana siku za kazi wakati hakuna watu, namwomba kijana anayefundisha kuogelea anisimamie, na kitu tulichokuwa tunafanya ni kimoja, kulala chali juu ya maji nimevaa laifu jaketi, kuzamishwa, kuibuka, kupumua, tena. Inachosha na inaudhi na maji ya dawa yanaingia puani, ila ndio kilichonisaidia Zambezi kuliko kukimbia kote. Kwenye rafti si lazima uwe muogeleaji hodari, wanakuuliza na wanakuvisha jaketi lililobana mpaka mbavu zinalia. Kinachotakiwa ni usitaharuki ukiwa chini. Kama una nafasi ya kwenda mbali kidogo kwa mazoezi ya miguu na begi, Hanang ipo, mita 3,420, unaanzia Katesh, Dodoma mpaka Babati ni lami. Ila msimu wa mvua uache mlima upumzike, sote tunakumbuka tope la Desemba 2023 na watu waliopotea pale.

Siku ya rafti wanakushusha korongoni asubuhi, unatembea na kasia na helmeti, mawe yanateleza, na kabla ya kuingia majini mwongozaji anawapa darasa. Sikiliza hilo darasa kuliko ulivyosikiliza chochote shuleni. Ukidondoka, lala chali, miguu mbele kule maji yanakokwenda, vidole vya miguu vionekane juu ya maji. Usijaribu kusimama hata kama unaona ni kina kifupi, kwa sababu mguu ukinasa kwenye jiwe maji yanakulaza kifudifudi na hapo nguvu zako hazisaidii. Kichwa cha kasia, kile kishikio chenye umbo la T, usikiachie mkono, kikikuponyoka kinavunja meno ya jirani. Yale mawimbi yana namba, na lile namba 9 hata wao waongozaji hawawapitishi wateja, mnashuka mnatembea juu ya mawe boti linapita tupu. Hilo lilinipa imani, nikajua hawa watu wanajua mwisho wao. Sisi tulipinduka. Chini ni giza na makelele kama mashine ya kusaga, unahesabu moja mbili tatu, jaketi linakurusha juu, unapumua, unafunikwa tena na wimbi lingine, halafu mkono wa mtu unakushika begani kwenye mkanda wa jaketi na kukuvuta ndani kama gunia la mahindi. Kwisha habari, kasia hili hapa, endelea kupiga.

Wanachosahau kukuambia ni kupanda. Ukimaliza mto bado uko chini ya korongo, na kutoka ni kupanda ukuta ule kwa miguu jua la mchana likiwa utosini, hapo ndio Imagi inakulipa. Kuna kampuni zina lifti ya kamba, uliza kabla ya kulipa. Viatu vya kufunga, sio ndala, ndala zinakwenda Msumbiji bila wewe. Mimi nilivaa katambuga za Sabasaba zenye mkanda wa nyuma na wenzangu wenye viatu vya bei mbaya walikuwa wanazitamani.

Banji, kule kuruka darajani na kamba miguuni, ni kitu kingine kabisa, haihitaji pumzi wala msuli, ni kichwa tu. Daraja lile lilifunguliwa 1905 na unaruka mita 111. Chukua uwanja wa Jamhuri goli mpaka goli uusimamishe, halafu bado ongeza hatua chache. Daraja liko katikati ya vituo viwili vya uhamiaji, ukiwa upande wa Zambia unapewa kikaratasi cha kwenda darajani na kurudi bila kugonga muhuri wa kutoka, ila beba pasipoti. Wanakupima uzito, wanakuandika namba mkononi kwa kalamu, na kamba inachaguliwa kulingana na hiyo namba, kwa hiyo dada zangu msipunguze kilo kwa aibu. Mwenye presha, matatizo ya macho, mgongo, kifafa au mjamzito, hii sio yako, na fomu itakuuliza, sema kweli. Na kwa kuwa ntaulizwa: ndiyo, tarehe 31 Desemba 2011 kamba ilikatika pale na dada mmoja wa Australia akaangukia mtoni miguu ikiwa imefungwa, akatoka hai. Baadaye waziri wa utalii wa Zambia akaenda akaruka mwenyewe kuonyesha watu. Nimekuambia ili uamue ukiwa unajua.

Wanakufunga taulo vifundoni kisha mikanda, unasogea kwa kurukaruka miguu imebana mpaka ncha ya ubao, vidole vinabaki hewani. Wanahesabu kutoka tano. Kuanguka kwenyewe hakuna shida, ni sekunde chache na akili haijapata muda wa kuogopa. Shida ni ule mrusho wa pili, unapandishwa juu tena, kamba inalegea, tumbo linabaki juu, na hapo ndio nilimwita mama. Baada ya hapo unaning'inia damu imejaa kichwani mpaka mtu ashushwe na waya kukufunga na kukuvuta kwenye njia ya chini ya daraja.

Rafti na banji, kila moja inapita dola 100, kwa hiyo chagua. Nikiambiwa nirudie kimoja, rafti, bila kufikiri. Banji unanunua dakika, mto unanunua siku nzima na watu uliopiga nao kasia. Uliza kila dirisha kama wana bei ya watu wa SADC, yaani nchi za jumuiya yetu ya kusini mwa Afrika, hawaisemi wenyewe. Na kama umelipa ukafika kwenye ubao mwili ukakataa, shuka. Nilimwona jamaa mkubwa wa mwili amerudi kwa miguu yake, wahudumu walimpigia makofi vizuri tu. Kuhusu vijana watakaokuambia twende tukaogelee juu kabisa kwenye mdomo wa maporomoko kwa bei ya chee, hapana, kule unakwenda na wenye kibali kupitia kisiwa cha Livingstone, msimu wa maji machache tu. Juu ya maporomoko kuna viboko na mamba.

Wanawake: misuko minene haingii kwenye helmeti, suka nywele ndogo za kulala kichwani. Kanga mbili ni lazima, moja ya kubadilishia nguo pale mtoni ambapo hakuna chumba, nyingine ni shuka la hosteli na taulo. Kwenye hosteli za vitanda vya juu na chini chukua cha chini karibu na ukuta, na kufuli ubebe la kwako, makabati yapo kufuli hawakupi.

Kwa wasio na haraka, kurudi mnaweza kuchukua treni ya Tazara kutoka Kapiri Mposhi mkashukia Mbeya, kama siku hizo inatembea. Inachelewa, tena sana, beba chakula chako. Na mnaotokea Singida mnaoona Zambia ni mzunguko, Jinja ya Uganda nako wanashuka Nile na rafti, ingawa mabwawa ya umeme ya Bujagali na Isimba yamemeza baadhi ya mawimbi ya zamani. Maji yake ni ya uvuguvugu na kwa anayeanza mimi ningempeleka huko kwanza. Mtapitia Mwanza na Bukoba mpaka Mutukula, na kadi ya njano pale wanaitaka kweli.