Usiilaumu brandi, tazama limau

SWALI: Habari dada. Kaka yangu aliniletea chupa ya Cointreau, kile kileo kitamu cha chungwa, nikajaribu kutengeneza kokteli ya Sidecar hapa nyumbani. Nilitumia brandi ya kawaida, juisi ya ndimu ya chupa na barafu iliyosagwa. Ikatoka kali, halafu majimaji. Ninunue brandi ya bei? Na Cointreau ikiisha, juisi ya chungwa inafaa?
*Msomaji, Morogoro*

JIBU: Nzuri, kaka. Brandi yako haina kosa. Sidecar ina vitu vitatu tu: brandi, Cointreau na limau. Kimoja kikiharibika hakuna cha kukificha, na kwako kilichoharibu ni hiyo juisi ya chupa. Imekaa, harufu imekwisha, umebaki ukali. Nenda sokoni uchague malimao ya manjano, sio ndimu, maana ndimu huimeza brandi. Chukua yenye ganda laini, yaliyo mazito mkononi. Yaviringishe mezani kwa kiganja, uyakamue muda uleule wa kunywa.

Vipimo vinabishaniwa tangu zamani. Mwaka 1922 wahudumu wa baa Harry MacElhone na Robert Vermeire waliiandika vitabuni mwao kwa mafungu matatu sawasawa. Kitabu cha hoteli ya Savoy ya London, 1930, kikaipa brandi mafungu mawili. Mimi, kwa miaka yangu ya kaunta, nasimama na Savoy: brandi mililita 50, Cointreau 25, maji ya limau 25. Pima. Limau likizidi hata mililita 5, ulimi utajua.

Barafu iwe mabonge. Iliyosagwa huyeyuka upesi, ndiyo maana ulipata maji. Huna sheka, chombo cha kutikisia? Chupa ya jemu yenye kifuniko kinachobana inatosha. Tikisa kwa nguvu mpaka mikono iume kwa baridi, uchuje kwenye glasi iliyotoka friza. Sukari ipake nusu tu ya ukingo, anayeitaka aifuate.

Juisi ya chungwa, hapana. Cointreau inabeba manukato ya maganda na ina kileo asilimia 40. Juisi italegeza kila kitu. Ikiisha, menya ganda la chungwa jembamba, uache ule utando mweupe unaotia uchungu, loweka kwenye brandi usiku kucha, kisha uongeze shira kidogo na limau. Haitakuwa Sidecar, lakini ni kinywaji ninachompa mgeni bila wasiwasi.

Wageni uwaambie mapema kwamba glasi moja ya vipimo hivi ina kileo kingi kuliko bia ya nusu lita. Anayeendesha mtengenezee limau, shira na soda, kwenye glasi nzuri ileile.